Tusitaje mkosaji kabla ya kuchunguza



Hapa Mushaki, kompyuta yetu ilihifadhi majina ya wabatizwa, wengi wao watoto wa familia zilizokimbia vita. Tulipoweka toleo jipya la kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, baadhi ya faili zilikataa kufunguka. Sote tuliilaumu kerneli.

Tulitamani kutengeneza papo hapo, lakini tulijizuia. Tuliwasha kompyuta kwa fleshi, tukanakili kila kilichosomeka, kisha tukakagua kwa amri ya fsck -n, ambayo hutazama bila kubadili kitu. Mwishowe tuliisoma ripoti ya afya ya diski: ilikuwa imechakaa. Kerneli haikuwa na hatia.

Mwaka 2018 faili za watu ziliharibika chini ya kerneli 4.19, na lawama zikauangukia mfumo wa faili wa ext4. Mwezi wa Desemba ikabainika kwamba kosa lilikuwa katika blk-mq, sehemu ya kerneli inayopanga foleni ya maombi yaendayo kwenye diski.

Sisi wa Masisi tunajua tuhuma isiyochunguzwa inavyoteketeza. Basi tuokoe kwanza, tuchunguze, ndipo tutaje mkosaji.