Wazazi Wanapokataa Kuona Kwamba Mwana Amekua

Wapo vijana wanaodhani kwamba siku ya kujiunga na chuo ndiyo siku ya kuagana na maswali ya wazazi. Kwa aliyepata chumba katika bweni la mbali, huenda ikawa hivyo. Lakini kwa yule anayeondoka nyumbani kila asubuhi kwa matatu na kurudi jioni kula ugali wa mamake, maswali hayaishi. Ulikuwa wapi? Na nani? Mbona wenzako wameshafika?

Haya nayajua vyema. Nilisomea diploma ya uandishi wa habari nikiishi kwa wazazi wangu huko Awendo, mji unaotegemea miwa na kiwanda cha sukari cha Sony. Baba alikuwa mkulima wa miwa, na anayelima miwa hungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuvuna. Karo ikishalipwa, hapakuwa na pesa za kunikodishia chumba karibu na chuo. Kwa hivyo kila siku nilipanda matatu hadi Kisii kupitia Rongo, na kurudi kwa njia iyo hiyo. Amri ya Mama ilikuwa moja: giza lisinikute barabarani.

Kaka yangu hakuwa na amri kama hiyo. Kwa desturi ya Waluo, kijana wa kiume akibalehe hujengewa simba, yaani nyumba yake ndogo ndani ya boma la babake. Kaka alikuwa na simba yake na ufunguo mfukoni. Akirudi saa nne usiku, mbwa tu ndio waliojua. Wasichana wa zamani nao walilala kwa nyanya, katika nyumba iliyoitwa siwindhe, wakifunzwa hadithi, vitendawili na mienendo ya maisha. Nilipokua mimi, siwindhe ilikuwa imekwisha toweka kwetu. Nililala katika chumba kilichopakana na cha wazazi, na ukikohoa usiku unaulizwa una nini.

Nimeifikiria sana desturi hiyo. Walioianzisha walijua kwamba kijana anahitaji mlango wake mwenyewe, lakini mlango huo uwe ndani ya ua. Tena walijua kwamba kati ya msichana na wazazi wake anahitajika mtu wa tatu, ambaye msichana anaweza kumwambia yale asiyoweza kumwambia mamake. Nyumba zetu za leo zimemwondoa mtu huyo. Mzazi na mwana wamebaki wakitazamana ana kwa ana, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa mkaidi.

Mambo yalifikia kilele katika mwaka wangu wa mwisho. Chuo kilitaka kila mwanafunzi afanye mazoezi ya kazi kwa miezi mitatu, na bila hayo hakuna diploma. Mimi nilipata nafasi Kisumu. Mama alikataa katakata. "Kisumu utalala kwa nani?" aliuliza, na hata nilipomjibu, aliuliza tena. Baba alinyamaza, na kwetu Baba akinyamaza ujue amekubaliana na Mama.

Baadhi ya wanafunzi wenzangu walinishauri nidanganye. Niliona kwamba uongo ungenipa miezi mitatu tu, kisha ungeninyima imani ya wazazi kwa miaka mingi. Badala yake nilimwendea shangazi, dadake Baba. Alikuja jioni, akala, kisha akakaa na Mama jikoni hadi usiku wa manane. Asubuhi aliniita kando akaniambia, "Nyathina, mamako haogopi Kisumu. Anamkumbuka mdogo wake."

Ndipo nilipojua kwamba Mama alikuwa na dada mdogo aliyekwenda chuo cha ualimu, akarejea baada ya mihula michache akiwa mgonjwa, na hakupona. Ilikuwa miaka ile ukimwi ukizika vijana katika eneo letu, nao watu wakiutaja kwa kunong'ona. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Hata katika utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018, asilimia 4.9 ya watu wazima nchini walikuwa na virusi hivyo, lakini Homa Bay walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Kumbe kila Mama aliponiuliza niko wapi, alikuwa akimuuliza pia mdogo wake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo, diploma bado niliihitaji. Niliandika kwenye karatasi jina la jamaa ambaye ningelala kwake, nambari yake ya simu, saa za kazi na nauli. Niliahidi kupiga simu kila siku saa mbili usiku. Baba alikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe anifikishe. Tulienda naye, akaiona nyumba, akanywa chai, akarudi Awendo kumtuliza Mama. Simu ya saa mbili sikuikosa hata siku moja, na mwezi wa pili Mama ndiye aliyesema, "Si lazima upige kila siku."

Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa mzima akitimiza miaka 18, lakini nyumbani kitambulisho pekee hakitoshi. Kijana anayetaka kuaminiwa aseme atakaporudi, na arudi saa hiyo. Akichelewa, apige simu kabla ya kupigiwa. Akikwama, amtafute shangazi, mjomba au nyanya anayesikizwa na wazazi.

Nanyi wazazi, hatari zipo, hakuna anayebisha. Septemba mwaka wa 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aliuawa na mwili wake ukapatikana katika msitu wa Kodera, na mzazi mwenye binti hakosi kuogopa anapokumbuka kisa hicho. Lakini mwambieni mwana mnachoogopa, na sababu yake. Amri bila sababu humfunza kijana kujificha. Na kama kuna saa ya kurudi nyumbani, basi iwe ya binti na ya mvulana pia, kwa maana barabara ya Kisii hadi Migori usiku haichagui.