Siku Niliyompeleka Mdogo Wangu Bukoto

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani, katika kambi ya polisi ya Naguru, nilimkuta baba ameshika taarifa ya masomo ya mdogo wangu, naye hakuniitikia salamu vizuri. Mdogo wangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili katika shule moja ya kutwa, na kwa mihula mitatu mfululizo amekuwa wa mwisho darasani. Mwalimu wake alikuwa ameandika neno moja tu: mvivu.

Mimi nililikubali neno hilo upesi. Tangu utotoni, kila alipokwama katika kusoma kwa sauti nilikuwa nikimcheka, na mara nyingine nikamnyang'anya kitabu nikasoma mwenyewe, ili aone jinsi kazi hiyo ilivyo rahisi. Nilidhani ninamsaidia.

Baba alikuwa na shauri la kumtoa shuleni akajifunze useremala. Useremala si kazi ya aibu, lakini yeye hakuutaka. Mama ndiye aliyeomba kwanza apimwe na mtaalamu wa akili. Baba akauliza, "Kwani mtoto ana wazimu?" Maana kwetu habari ya kupimwa akili humkumbusha mtu Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1955, na hakuna apendaye majirani wa kambini waseme mwanawe amepelekwa huko. Mama akaeleza kwamba huyu wa Bukoto ni mwanasaikolojia wa watoto wa shule, wala hatoi dawa. Mwishowe baba akamwambia, "Haya, kaka yako atakupeleka."

Kutoka Naguru hadi Bukoto si mbali, basi tukaenda kwa miguu. Njia nzima alinyamaza. Tulipokaribia ile nyumba akaniuliza, "Kaka, na hapa nikishindwa, nitapelekwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia afunge kamba za viatu.

Bibi yule alitupokea kwa Kiswahili. Kwanza alimwuliza juu ya lugha zake: nyumbani Kiswahili, kwa rafiki zake Kiganda, darasani Kiingereza. Akamwambia kuwa maswali yatakuwa ya Kiingereza, lakini asipoelewa ataulizwa tena kwa Kiswahili, maana alitaka kujua anavyofikiri, si anavyosema Kiingereza. Kisha mimi nikatolewa nje, nikakaa kwenye benchi karibu saa tatu.

Wakati wa kurudi alisema maneno mengi kuliko aliyopata kuniambia mwaka mzima. Alipewa vipande vyekundu na vyeupe avipange kama picha aliyoonyeshwa. Alitajiwa tarakimu, akatakiwa azirudie kinyumenyume. Alisomeshwa maneno ya kubuni yasiyo na maana yo yote, na hapo, alisema, jasho lilimtoka. Halafu wakazungumza tu: analala namna gani, anakula na nani, anamwogopa nani.

"Ukamjibu nini?" nikauliza. Hakunijibu.

Baada ya juma moja baba aliitwa kupokea majibu, akaenda moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake mwilini. Aliporudi alitusomea karatasi. Katika kufikiri kwa picha na mipango mdogo wangu aliwashinda wengi wa rika lake. Macho yake hayakuwa na kasoro. Taabu yake ni kuunganisha herufi na sauti zake, nayo huitwa disleksia; si uvivu wala si upumbavu. Tena shule yaweza kumwombea muda zaidi kwa Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji ya namna hiyo. Mwisho, asome nusu saa kila siku na mtu mvumilivu, wala asisomeshwe mbele ya kaka yake mpaka kaka aache kumcheka. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekubali jambo hilo liandikwe. Baba alilisoma mara mbili.

Baadaye, katika maktaba yetu, nilisoma kwamba Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga kipimo chao huko Paris mwaka 1905, shabaha ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Nikasoma pia habari za Mallory Wober, ambaye maandishi yake ya mwaka 1974 yalihusu maana ya akili kwa Baganda. Aliona kwamba watu wa vijijini waliihusisha akili na upole na uangalifu, na waliosoma wakaihusisha na haraka. Mimi ni mwepesi wa kujibu, na kwa ajili hiyo nimesifiwa miaka yote. Nilijiuliza wazee wale wangeniweka wapi.

Habari ya useremala haijatajwa tena, wala baba hajasema ameiacha.

Jioni ile niliomba ruhusa ya mdogo wangu nikae naye. Alifikiri kwanza, kisha akasogea kidogo kitandani. Aliweka kipande cha karatasi chini ya mstari, akaanza. Neno la nne likamshinda. Nilifunga mdomo nikahesabu moyoni. Nilifika 43, ndipo akalipata.