Kizigua cha Lewiston

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, niliwatia watoto garini tukatoka Boston kwenda Lewiston, Maine, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Mji uko kando ya mto Androscoggin, na majengo yake makubwa ya matofali mekundu yalikuwa viwanda vya nguo. Wafanyakazi wengi walitoka Quebec, wakisema Kifaransa. Mwaka 1919 sheria ya jimbo ikakataza shule kufundisha kwa lugha yao. Baadaye viwanda vikafa, na maduka ya Lisbon Street yakafungwa.

Wakimbizi wa Kisomali walianza kufika 2001. Mwaka uliofuata meya aliwaandikia barua ya wazi akiomba ndugu zao wengine wasije. Walikuja. Leo Lisbon Street unanunua sambusa, baibui na nyama ya halali. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya mji, yenye vijana wengi wa kikimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Mwanangu wa kiume alitaka habari hiyo tu.

Mimi nilifuata jingine. Baba yangu ni Mzigua wa Handeni, na nilikuwa nimesikia kwamba hapa wako Wabantu wa Somalia wanaosema Kizigua. Mababu zao waliondoka Uzigua karne ya 19, wakati wa njaa, wakidanganywa kwamba wanapelekwa kazini, kumbe wanauzwa. Waliotoroka utumwani walijificha kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, na lugha wakabaki nayo. Vita vya Somalia viliwafukuza tena mpaka kambi za Dadaab na Kakuma. Kuanzia 2003 Marekani ikawapokea kwa maelfu. Wengine walikwishajirudia Handeni kwenyewe, na Tanzania ikawapa uraia.

Kwenye meza moja ya mboga alikaa bibi mmoja na mahindi yake. Baridi ya Maine humwachia mkulima miezi michache tu, lakini mahindi yale yalikuwa yamejaa punje.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mwatoka wapi?” Kiswahili chake ni cha Kakuma.

Nilipotaja Handeni aliweka hindi chini, akabadili lugha. Nilishika nusu, labda chini ya nusu. Binti yangu akanivuta shati: “Anasema nini?” Nikatafsiri nilichoelewa, kingine nikabahatisha. Bibi aliniona. Akacheka mpaka akashika kiuno.

“Wewe ni Mzigua wa pasipoti!”

Kisha akamgeukia binti yangu, akamnyooshea chupa: “Mazi.” Maji. Ndivyo alivyosema bibi yangu mimi, na watoto wangu hawajawahi kulisikia neno hilo kwangu. Sina pa kujitetea. Mimi sikukimbia vita, nilipanda ndege na viza ya masomo.

Usiku nilimpigia baba. Alinyamaza, kisha akauliza kama nilichukua namba ya yule bibi.

Sikuchukua. Jumamosi tunarudi.