Nilivyorudishiwa Pesa Zangu za Gari Bovu



Wengi humu mnanijua kwa magauni. Mnaniandikia kuuliza lesi ipi haichomi ngozi, shela iwe na urefu gani, na kama nikiwa Columbus naweza kumshonea bi harusi aliyeko Unguja (naweza, lakini nipe miezi mitatu). Leo mnivumilie, nataka kuzungumza habari ya gari. Ndugu zetu walioko huku Marekani wameniuliza mno, na mama yangu kule Ng'ambo mpaka leo ana wasiwasi kwamba nimemdhulumu mtu.

Mie nimeishia kidato cha nne, nikasoma ushoni, nikaolewa, nikaja Ohio. Sheria sijasoma. Ninayoyaeleza ni yaliyonipata mwenyewe.

Tulinunua gari mwezi wa Aprili. Vani ya familia, viti saba, mpya kabisa, ina maili 11 tu. Pamoja na kodi ilitufika dola 37,400. Mkopo hatukutaka kwa sababu ya riba, kwa hiyo tulikusanya miaka mitatu: pesa za mishono yangu, mshahara wa mume wangu anayefanya kazi ghalani, na zamu yangu ya upatu, ambao tunaucheza na wenzetu Wasomali na wao wanauita ayuto. Siku tulipolileta nyumbani mume wangu alilisomea dua, na watoto walivua viatu kabla ya kupanda kama wanaingia msikitini.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye I-270, ile barabara kubwa inayouzunguka mji wa Columbus. Nyuma nimetundika gauni la bi harusi na sita za wapambe wake, watoto wangu wawili wamelala. Gari likashtuka kama limepigwa teke, nguvu zikaisha. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Nyuma yangu lori refu, dereva anapiga honi. Nilitoa shahada, nikalivuta gari pembeni kwa mwendo wake lililobaki nao. Nilipolizima na kuliwasha tena likaenda vizuri kama kwamba halikufanya kitu.

Nililirudisha kwa waliotuuzia. Walikaa nalo siku 4, wakasema wamebadilisha programu ya kompyuta ya giaboksi. Mwezi wa Juni likarudia, safari hii nikiwa peke yangu. Siku 5. Wakasema wamelijaribu na hawakuona kitu. Nikawashukuru, nikachukua ufunguo, nikaondoka bila karatasi yoyote.

Hapo ndipo nataka kusema ukweli wangu. Kukosa Kiingereza siwezi kusingizia, Kiingereza ninacho. Nilinyamaza kwa sababu ya malezi. Mama alinambia kwa simu, "Mwanangu, vumilia. Gari ni chuma, na kila kitu kina siku yake ya kuumwa." Mume wangu akasema tusiwe watu wa malalamiko. Na mimi nilikuwa na woga mwengine, sikumwambia mtu: nilikuwa naingia pale na buibui langu, na sikutaka waseme huyo mama wa Kiislamu amekuja tena kugomba. Nikawa nasema nasubiri. Nikaacha kupita I-270, napita njia za ndani zenye mataa kila hatua, nachelewa kwa wateja, na moyoni naiita subira.

Aliyenizindua ni mteja, mama wa bi harusi, Msomali. Nilikwenda kumpima nikachelewa saa nzima, nikamweleza kwa nini. Akaniuliza, "Dada, una karatasi?" Karatasi gani? Akatoka na mimi mpaka kwenye gari, akafungua kile kisanduku cha mbele, akatoa bahasha ya siku ya kununua. Ndani mlikuwa na ukurasa ulioandikwa kwa herufi nene kwamba gari hili likiwa na kasoro, huenda ukawa na haki ya kupewa jengine au kulipwa, kwa sheria ya jimbo. Nilikuwa nimelitembeza miezi mitatu karatasi hiyo ikiwa mbele ya magoti yangu.

Watu wa huku wanaiita sheria ya limau. Gari jipya lililo bovu ni limau kwao. Mie nimekulia nyumba yenye achari ya limau kila siku ya Mungu, sikuelewa limau limewakosea nini, lakini hayo tuyaache.

Huku kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo dada aliyeko Minnesota au Texas aulize ya kwake. Ya Ohio ndiyo hii. Inahesabu mwaka mmoja tangu ukabidhiwe gari, au maili 18,000 za mwanzo, kinachotangulia. Ndani ya muda huo, kasoro ile ile ikitengenezwa mara tatu na bado ipo, kiwanda kimeshapewa nafasi ya kutosha. Vilevile gari likikaa gereji siku 30 ukizijumlisha zote, au likitengenezwa mara nane kwa kasoro mbalimbali. Na kama kasoro yenyewe ni ya kuweza kuua mtu au kumjeruhi vibaya, jaribio moja tu linatosha. Wakishindwa, ni hiari yako mnunuzi: upewe gari jengine jipya, au urudishiwe bei yote. Kasoro lazima iwe ya maana, ya kupunguza matumizi ya gari, thamani yake au usalama wake. Redio kukoroma haimo.

Nilipoyasoma hayo kwenye tovuti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, nilikwenda kutazama maili. Zilikuwa 9,200 na ni Julai tu. Mie kazi yangu ni ya kutembea, Cleveland, Cincinnati, kila penye harusi. Kwa mwendo ule maili 18,000 zingefika kabla ya mwaka kwisha, na subira yangu ingenikuta nje ya mlango.

Kuanzia hapo nikafanya ninavyofanya kwa gauni la mtu. Lile daftari langu la vipimo vya maharusi, nililigeuza nyuma nikaanza kuandika: tarehe, maili, niko barabara gani, mwendo gani, nani yumo ndani ya gari, mvua au jua. Nikarudi kwa wauzaji kudai karatasi za mara mbili za mwanzo, maana sheria inataka kila gari likitoka kutengenezwa upewe maandishi ya kilichofanyika. Ya kwanza waliandika mteja anasema gari linatikisika. Linatikisika! Mie nilisema linapoteza nguvu kwenye barabara kuu. Dada zangu, neno hilo moja lingeweza kuniharibia, kwa sababu sheria inazungumzia kasoro ile ile, na mtu angesema Aprili ilikuwa kutikisika na Juni ni jambo jengine. Niliomba warekebishe, wakasita, nikakaa kitini nikatoa tasbihi yangu. Baada ya saa moja na nusu wakarekebisha.

Agosti likazima mara ya tatu. Siku 11, wakabadilisha kifaa ndani ya giaboksi. Novemba mara ya nne, siku 14. Jumla siku 34. Maili 14,600.

Nikaandika barua kwa kiwanda chenyewe, nikatuma kwa posta ya kusainiwa. Wakanipigia. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri sana akaniambia wanasikitika, wananipa dola 1,500 na kuniongezea miaka ya dhamana, nitie sahihi tu. Mume wangu alitaka tuchukue. Alisema, "Mama watoto, hawa wana mawakili kama mchanga wa pwani. Chukua kilichopo." Tulitofautiana kwa siku kadhaa, na sipendi kuzikumbuka. Mimi nilimuuliza swali moja tu: utawapandisha watoto humo ukaenda nao Cleveland? Hakunijibu. Asubuhi akaniambia niendelee.

Kiwanda kile kilikuwa na mpango wa usuluhishi uliokubaliwa na jimbo, na ukiwepo mpango wa namna hiyo lazima uanzie huko kabla ya mahakama. Usiogope, ni bure, na uamuzi wanatakiwa wautoe ndani ya siku 40. Uamuzi ukikupendeza kiwanda kinafungwa nao, usipokupendeza wewe bado unaweza kwenda mahakamani, na huko ukishinda wao ndio wanaomlipa wakili wako. Sikuweka wakili. Nilikwenda na daftari na karatasi zangu nne.

Msuluhishi alikuwa mzee mpole. Mtu wa kiwanda akasema gari linatumika kwa biashara, kwa hiyo halihusiki. Moyo wangu ulidunda. Nikaeleza kwamba ni gari la abiria, viti saba, limesajiliwa kwa jina langu na la mume wangu, linapeleka watoto skuli, na magauni hupanda nyuma kama mzigo wa mtu yeyote. Msuluhishi akaomba aone daftari. Akafunua upande usio wake akakutana na kifua, kiuno na nyonga za bi harusi wa Dayton. Nililinyakua. Akacheka, mimi nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikampa upande wa gari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kimya.

Mwisho wa Januari barua ikaja: warudishe bei yote pamoja na kodi. Hundi ilifika baada ya wiki tano. Nililia jikoni nimeshika mwiko.

Mama alipouliza kama ni halali kurudisha kitu ulichokitumia miezi kumi, nilimpigia ustadhi wangu wa chuoni, yule aliyetusomesha fiqhi tukiwa wadogo. Alinikumbusha khiyari ya mnunuzi anayekuta aibu iliyofichika ndani ya bidhaa, kwamba ana haki ya kuirudisha. Kisha akaongeza lililonichoma: katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ukishaijua aibu hiyo unatakiwa uirudishe upesi, kuchelewa bila udhuru kunaiangusha haki yako. Kumbe ile miezi yangu ya kupita njia za ndani haikuwa subira niliyodhani. Akanikumbusha pia Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na unyevu, na jinsi alivyomkemea muuzaji kwa kuuficha chini.

Lile gari litauzwa tena. Sheria inawataka wamwambie mnunuzi mpya kwa maandishi kwamba lilirudishwa kiwandani, na hati yake hupigwa alama ya kudumu. Nilipoisoma habari hiyo sikufurahi kama nilivyotegemea, kwa sababu nilikumbuka gauni.

Miaka miwili kabla, nilikuwa namalizia gauni la satini la bi harusi mmoja wa hapa hapa Columbus. Usiku wa mwisho pasi ikaniunguzia kiunoni, alama ya ukubwa wa kidole gumba. Satini ile ilikuwa imekwisha. Nikadarizi ua la shanga juu yake, likapendeza, nikatia jengine upande wa pili ili yafanane. Alipokuja akasifu maua. Nikapokea sifa, nikapokea dola 850, nikanyamaza.

Wiki ile ile ya hundi nilimpigia. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia nipo tayari kumrudishia sehemu ya pesa, kiasi atakachokitaja mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yale maua ulitia kwa sababu hiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema atafikiri, atanipigia.

Hajapiga. Nimemtumia ujumbe mara mbili na nimeona ameusoma. Pesa nimeziweka kwenye bahasha yenye jina lake, ndani ya droo ya cherehani, na kila nikivuta droo kutafuta mkasi ninakutana nayo.