Chama Chako, Chama Changu, Mtaro Wetu

Leo naomba niguse siasa kidogo, lakini usikimbilie ukurasa wa michezo, maana hapa simnadi mtu.

Kinachonikera ni hii tabia iliyoingia vijiweni. Mtu hasikilizi unachosema, anataka kwanza kujua we wa chama gani. Ukisema sukari imepanda bei, tayari we mpinzani. Ukisema barabara fulani imetengenezwa vizuri, basi umenunuliwa! Kijiweni kwetu wapo washikaji wawili waliokaa dawati moja toka darasa la kwanza. Mmoja alipofiwa na baba yake, mwenzie hakukanyaga msibani, kisa walitibuana wakati wa kampeni. Jamani! Kampeni hupita, msiba wa mzazi mtu hausahau.

Anayedhani haya ni mambo madogo akawaulize Wazanzibari. Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza visiwani baada ya vyama vingi kurudi, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapata 49.8. Pasu kwa pasu! Miaka iliyofuata, hasa Pemba, watu walisusiana: hununui dukani kwa wa chama kile, huendi harusini kwake, wala humziki. Januari 2001 damu ikamwagika kwenye maandamano, wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Mambo yalianza kutulia pale wakubwa walipokubali kukaa kitako. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana wakazungumza. Julai 31, 2010 ikapigwa kura ya maoni, na asilimia 66 hivi wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba mwaka huo wagombea waliachana kwa asilimia moja tu, lakini watu wakarudi nyumbani salama. Sikudanganyi kwamba matatizo yaliishia hapo. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na CUF ikasusia wa marudio Machi 2016. Maelewano ni kama paa la makuti, usipolikarabati litavuja tu.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi tufunge midomo ili tuelewane. Kiongozi akiboronga aambiwe, tena mchana kweupe. Ila kumhoji mtu ni kazi, kumtukana ni rahisi, ndiyo maana wengi tunakimbilia matusi.

Mtaani kwetu mtaro uliziba, kila mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya vitanda. Kijiweni zogo lilikuwa moja: hawa wanasema kosa la chama kile, wale wanasema la chama hiki. Maji nayo yanaingia kwa wote! Mwisho tukajikusanya vijana watano wa vyama tofauti, tukaenda mkutano wa mtaa na daftari. Maswali yetu yalikuwa matatu tu: hela ya taka inayokusanywa kila mwezi ni kiasi gani, imetumikaje, na mtaro unazibuliwa lini?

Mwenyekiti alitoka jasho! Akataka kusema tumetumwa, lakini tumetumwa na chama gani wakati wa chama chake mwenyewe naye yumo? Mkutano uliofuata mapato na matumizi yakabandikwa ukutani. Mtaro umezibuliwa nusu, nusu iliyobaki bado tunaidai, na daftari tunalo.

Kwa hiyo mshikaji, kadi yako itunze, mgombea wako mpigie debe mpaka sauti ikauke. Lakini jirani akifiwa nenda. Akiumwa mpelekee uji. Na kabla hujabishana usiku kucha juu ya nani ataingia Ikulu, jiulize mkutano wa mtaa wenu ni lini. Kama hujui, ofisi haiko mbali, kaulize kesho asubuhi.

Haya, tukutane wiki ijayo!