Kuuliza si Ujinga

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Atokaye Buxton akavuka Daraja la Nyali hufika upande walikozikwa Rosine Krapf na bintiye mchanga, waliofariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya familia hiyo kufika Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alikuwa ameanza kujifunza Kiswahili. Hakuwa na kamusi wala kitabu cha sarufi cha kumwongoza, nayo homa ilimwandama. Lililomsukuma ni azma ya kueneza Injili, na msiba haukuivunja. Kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Hata hivyo, bidii pekee haimfikishi mwanafunzi wa lugha ya kigeni. Sikio la mgeni husikia neno "paa" moja tu, ilhali msemaji wa Kimvita hutamka mawili: paa la nyumba, na paa mnyama, ambaye jina lake lina mpumuo. Tofauti hiyo haipatikani pasi na mwenyeji wa kusahihisha. William Taylor, mmishonari aliyefuata baadaye, alifunzwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia pia kukusanya tungo za Muyaka bin Haji.

Jina la mwalimu huyo lina funzo. Ajifunzaye lugha sharti awe radhi kutamka "sikujua" kila siku. Mwenyeji naye ana wajibu wa kumsahihisha mgeni bila kumcheka. Na mtafiti, anapochapisha kazi yake, asisahau kumtaja aliyemfunza.