Vyumba Vidogo vya Bunge la Nairobi

Mtu aliye mgeni mjini Nairobi, akitoka Jumba la Mikutano la Kenyatta na kuelekea upande wa machweo, huuona mnara wa saa kabla ya kuliona Bunge lenyewe. Sehemu ya kwanza ya jengo hilo ilikamilika mwaka 1954, zamani za Baraza la Kutunga Sheria, wakati Waafrika waliokuwa na viti ndani yake waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Leo uwanjani mwake limo kaburi la Mzee Jomo Kenyatta, na ng'ambo ya barabara kuu iko Bustani ya Uhuru, ambako watu hupumzika kivulini bila kujali yasemwayo upande wa pili.

Mgeni hutaka kuonyeshwa ukumbi. Si vibaya, maana kumwona Spika akiingia na joho lake, na siwa ikitangulia mbele yake, ni jambo la kukumbukwa. Lakini mtu akiketi roshani alasiri nzima atasikia hotuba nyingi, na huenda asione hata neno moja la sheria likibadilika. Aghalabu kazi hiyo imekwisha fanyika asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu, vipaza sauti na mafungu ya karatasi. Hivyo ndivyo vyumba vya kamati. Kwa miaka mingi vilitawanyika katika majengo ya jirani, na mara nyingine kamati zilikutana hata hotelini, jambo lililowafanya walipa kodi wanung'unike, wala hawakukosa sababu. Mwezi Aprili 1924 haukuwa na jengo kama lililofunguliwa Aprili 2024: mnara wa orofa 28 uliojengwa makusudi kwa ajili ya ofisi za wabunge na vyumba vya kamati.

Yafaa ikumbukwe ya kuwa Bunge la Kenya lina mabaraza mawili. Lilikuwa hivyo tangu mwaka 1963, kisha mwisho wa mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la wawakilishi, likabaki baraza moja. Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha Seneti, nayo ikakutana tena baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Bunge la Taifa lina wajumbe 349 pamoja na Spika wake. Seneti ina 67 pamoja na Spika wake. Seneti husimamia haki za kaunti 47, na mswada uhusuo kaunti unapopigiwa kura humo, kwa kawaida ujumbe wa kila kaunti huwa na kura moja tu. Kwa hiyo Lamu, ambayo watu wake hawakufika 150,000 katika hesabu ya mwaka 2019, huwa sawasawa na Nairobi yenye zaidi ya watu 4,000,000.

Mswada ukisha kusomwa mara ya kwanza, ambapo husomwa jina lake tu, hupelekwa kwa kamati inayohusika na jambo hilo: ya afya, ya kilimo, ya fedha, na kadhalika. Hapo ndipo mambo huanza kuchunguzwa. Kamati ina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi, awe waziri au mwenye kiwanda. Mwananchi wa kawaida naye ana ruhusa ya kuleta maoni yake kwa mdomo au kwa maandishi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, basi mkulima hana haja ya kuazima ulimi wa mtu. Kasoro ni kwamba tangazo la kuwaita watu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa muda mfupi, hata wanaofika huwa ni mawakili na wajumbe wa makampuni, na yule ambaye sheria itamwangukia hupata habari yakiisha.

Kamati yenyewe haina mamlaka ya kuubadili mswada. Huandika taarifa na kupendekeza marekebisho. Baadaye baraza zima hugeuka kuwa kamati, Spika hukiacha kiti chake, na vifungu hupitiwa kimoja kimoja. Karani wa kamati ndiye aliyekwisha kuyapanga marekebisho hayo yote kwa utaratibu, usiku huenda, na jina lake halitajwi na mtu.

Yote hayo hufanyika tena katika baraza la pili, ikiwa mswada unahusu kaunti. Na mabaraza yakikataana, Maspika wawili huchagua Kamati ya Upatanishi, wajumbe sawa kwa sawa kutoka kila upande. Hicho ndicho chumba kidogo kuliko vyote, na ndicho chenye hatari kuliko vyote. Katiba imewapa siku 30. Wasipopatana, mswada hufa. Hakuna mshindi.

Mwaka 2019 watu waliona maana ya maneno hayo. Ulikuwapo Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaoamua kaunti zote kwa jumla zipate kiasi gani kutoka hazina ya nchi. Bunge la Taifa lilisema shilingi bilioni 310. Seneti ikasema bilioni 335. Wapatanishi wakaketi, wakashindwa, na mswada ukafa. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha ukaanza bila sheria ya mgawo, na mwezi huo huo magavana wakaenda Mahakama ya Juu. Huko vijijini jambo hili halikuwa la hesabu tu. Zahanati, hospitali za wilaya, maji na barabara ndogo ni kazi za kaunti. Muuguzi na mpanzi wa chanjo ya ng'ombe hulipwa kutoka fungu hilo hilo lililokuwa likigombewa mezani Nairobi.

Kila upande ulikuwa na neno la kweli. Bunge la Taifa lilisema mapato ya serikali hayakufikia yaliyotarajiwa. Seneti ikasema kazi zilihamishiwa kaunti, basi fedha nazo zifuate kazi. Lakini wenye kujadiliana mishahara yao haikuwa katika hatari, na hilo wenye kungoja dawa walilitambua upesi.

Ikabidi kuanza upya kwa miswada mingine, na kamati nyingine ya upatanishi. Safari hii wajumbe walipunguza na kuongeza hata wakafikia shilingi bilioni 316.5. Ni bilioni 6.5 juu ya neno la kwanza la Bunge la Taifa, na bilioni 18.5 chini ya neno la Seneti. Mabaraza yote mawili yakakubali, na Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi tarehe 17 Septemba 2019, siku 78 tangu mwaka wa fedha kuanza.